Ukungu wa Pluto umepimwa, mvua ya milima ya Fizi bado inakisiwa

Mwezi wa sita 2025, watafiti wakiongozwa na Mfaransa Tanguy Bertrand wa Kituo cha Uangalizi wa Anga cha Paris walitangaza katika jarida la Nature Astronomy kwamba ukungu mwembamba unaofunika Pluto ndio unaoamua joto na baridi ya hewa ya sayari hiyo kibete. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya, na ni haki yake. Wiki chache kabla, usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 mwezi wa tano, mto Kasaba ulikuwa umefurika katika sekta ya Ngandja, eneo la Fizi, na viongozi wa jimbo wakatangaza vifo vya zaidi ya watu 100. Nani angekuwa na muda wa kufikiri juu ya Pluto?

Hata hivyo habari hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja. Zote mbili zinahusu hewa, joto na kile kinachoshuka kutoka juu. Tofauti ni kwamba kwa Pluto, ambako mwanga wa jua unachukua karibu saa tano kufika, wataalamu walikisia, kisha wakapima, kisha wakajua. Kwa mvua iliyoshuka Kasaba tulipewa maneno: mvua kali, upepo mkali, mto umeacha njia yake.

Tuanze na huko mbali, maana ndiko kazi ilikofanyika vizuri.

Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Mmarekani Clyde Tombaugh. Mwaka 2006 ikaondolewa katika hesabu ya sayari kubwa na kuitwa sayari kibete, jambo ambalo walimu wengi wa shule za msingi bado hawajalikubali. Upana wake ni karibu kilomita 2377. Kwa kulinganisha, kutoka Baraka hadi Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 1500. Ni kitu kidogo kweli, na hewa yake ni nyepesi mno: uzito wake juu ya ardhi ni karibu mara laki moja pungufu ya hewa tunayovuta sisi. Sehemu kubwa ni naitrojeni, ile ambayo shuleni kwetu tuliizoea kwa jina la azoti, pamoja na metani kidogo na monoksidi ya kaboni.

Hewa hiyo ilijulikanaje kabla ya chombo chochote kufika huko? Kwa kungoja nyota ifichwe. Pluto inapopita mbele ya nyota ya mbali, mwanga wa nyota unakatika. Kama sayari haina hewa, mwanga unazimika ghafla, kama taa iliyokatiwa umeme. Kama ina hewa, mwanga unafifia polepole kabla ya kupotea, na namna unavyofifia inaonyesha hewa ni nzito kiasi gani na ina joto gani kwenye kila kimo. Tarehe 9 mwezi wa sita 1988, darubini iliyopakiwa ndani ya ndege juu ya bahari ya Pasifiki, pamoja na nyingine zilizokuwa ardhini upande wa Australia na New Zealand, ziliona mwanga ukififia hivyo. Tangu hapo hapakuwa na ubishi tena: Pluto ina hewa.

Si kazi ya wazungu peke yao. Mwezi wa nane 2018, ili kujua umbo la Arrokoth, kidude kingine kidogo kilicho mbali kuliko Pluto, timu ya Marekani ilikwenda kusimika darubini zake Senegal na kufanya kazi na wanaanga wa huko, akiwemo Maram Kaire, ambaye baadaye akawa kiongozi wa shirika la anga za juu la Senegal. Kivuli kilipita juu ya ardhi ya Afrika, na Waafrika walikuwa wamesimama ndani yake na vyombo mkononi. Ilipofika tarehe 1 mwezi wa kwanza 2019, chombo New Horizons kilipita karibu na Arrokoth kikiwa na taarifa zilizochangiwa na usiku ule.

Huku ukipanda unasikia baridi, kule ukipanda unapata joto

Mtu anayetoka Baraka kwenda Bibokoboko kwa miguu hahitaji mwalimu wa fizikia. Anatoka kando ya ziwa akiwa anatoka jasho, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyotafuta kikoti. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha karibu mita 770. Hewa ya dunia kwa wastani hupoteza digrii 6 na nusu kwa kila kilomita moja ya kupanda, kwa hiyo anayefika mita 2000 amepoteza karibu digrii 8. Mama wa milimani anajua pia kwamba maharage yanachelewa kuiva, kwa sababu hewa huko ni nyepesi na maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100.

Sababu ya baridi hiyo ni kwamba jua linapasha ardhi kwanza, halafu ardhi ndiyo inayopasha hewa kutoka chini, kama jiko. Hewa iliyopata joto inapanda, inatanuka, na inapotanuka inapoa.

Pluto inafanya kinyume. Chini kabisa, juu ya barafu, kuna baridi ya karibu digrii 230 chini ya sifuri. Ukipanda kilomita 25 au 30, hewa inafikia karibu digrii 160 chini ya sifuri. Wataalamu wanaliita hilo tabaka la joto, na msomaji ana ruhusa ya kucheka. Lakini tofauti ya digrii 70 ndani ya kilomita 30 si ndogo, na inaelezeka. Ardhi ya Pluto imefunikwa kwa sehemu na barafu ya naitrojeni. Joto kidogo la jua linalofika pale linatumika kugeuza barafu kuwa hewa, kama vile jasho linavyochukua joto la mwili, na kwa hiyo chini hakupati joto. Juu yake kuna metani, ambayo ni chini ya sehemu moja kwa mia ya hewa yote, na ndiyo inayokamata mwanga wa jua na kupasha hewa iliyo karibu nayo. Jiko la Pluto, tuseme, limetundikwa angani.

Hadi hapo hesabu za kompyuta zilikuwa zinaenda sawa. Hesabu hizo, ambazo wataalamu wanaziita modeli, zinagawa hewa katika matabaka, zinaweka kiasi cha mwanga unaoingia na joto linalotoka kwenye kila tabaka, halafu zinatafuta joto ambalo linafanya mapato na matumizi kuwa sawa. Ni kama daftari la duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kwa sehemu ya juu kabisa ya hewa ya Pluto, daftari lilisema kungekuwa na karibu digrii 170 chini ya sifuri.

Tarehe 14 mwezi wa saba 2015, New Horizons, iliyorushwa mwaka 2006, ilipita kilomita 12,500 tu kutoka Pluto. Kipimo kikasema karibu digrii 200 chini ya sifuri. Daftari lilikuwa limekosea kwa digrii 30, na lilikosea upande uleule kwa kila mtu.

Kosa hilo lilikuwa na matokeo makubwa. Hewa yenye joto inakimbia haraka kutoka kwenye sayari ndogo yenye mvuto dhaifu, na kabla ya 2015 iliaminiwa kwamba Pluto inavuja hewa kwa wingi, karibu kama nyota yenye mkia. Baridi iliyopimwa ilionyesha uvujaji ulio mdogo mara maelfu. Hadithi ya jinsi Pluto ilivyozeeka, ni barafu kiasi gani imepoteza tangu mwanzo, ilibidi iandikwe upya.

Basi joto lilikuwa linaenda wapi? Kitu fulani kilikuwa kinalitupa nje, na hakuna aliyekuwa amekiandika kwenye daftari.

Masizi ya sufuria

Kwanza walishukiwa gesi. Sianidi ya haidrojeni, ambayo darubini za ALMA huko Chile ziliiona kwenye hewa ya Pluto, ina uwezo wa kutoa joto, lakini hesabu ziligoma. Wengine wakataja mvuke wa maji, ingawa ilikuwa vigumu kueleza ungefikaje kule juu.

Mwezi wa kumi na moja 2017, Xi Zhang wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, pamoja na Darrell Strobel na Hiroshi Imanaka, walichapisha katika jarida la Nature jibu ambalo wengi walilipokea kwa mashaka. Walisema mhusika si gesi. Ni ukungu.

New Horizons ilikuwa imepiga picha nzuri za ukungu huo baada ya kupita Pluto na kugeuka nyuma: utepe wa rangi ya buluu, umepangwa katika matabaka karibu 20, ukipanda zaidi ya kilomita 200. Unatokana na metani na naitrojeni inayovunjwavunjwa na mionzi mikali ya jua. Vipande vinashikana na kuwa chembe ndogo sana zinazoshuka polepole hadi ardhini na kuipaka rangi ya kahawia. Kila mtu aliziona chembe hizo. Lakini katika madaftari ya joto zilikuwa hazihesabiwi, au zilihesabiwa kama pambo.

Mpishi yeyote ataelewa hoja ya Zhang. Chukua sufuria mbili, moja imesuguliwa inang'aa, nyingine ina masizi meusi pande zote. Ziweke juani, ile nyeusi inapata moto haraka. Zitoe motoni zote zikiwa na maji yanayochemka, ileile nyeusi ndiyo inayopoa haraka, kwa sababu kitu kinachomeza mwanga vizuri ndicho pia kinachotoa joto vizuri. Naitrojeni peke yake ni kama sufuria inayong'aa: haiwezi kutupa joto nje kwa urahisi. Chembe za ukungu ni masizi. Mchana zinameza mwanga wa jua, lakini pia zinagongwa na gesi inayozizunguka, zinapokea joto lake, halafu zinalitupa angani kwa njia ya mionzi ya infraredi, ile ile unayoisikia usoni ukikaa mbele ya makaa bila kuyagusa. Kulingana na hesabu yao, ukungu huo unapasha na kupoza kwa nguvu kubwa kuliko gesi zote, na mwisho wa hesabu ni baridi ile iliyopimwa.

Kilichoipa hoja hiyo heshima, kwa maoni yangu, ni kwamba waliandika mapema namna ya kuwaumbua. Kama ni ukungu, walisema, basi Pluto lazima ing'ae katika mwanga wa infraredi kuliko inavyoweza kung'aa ardhi yake peke yake. Darubini James Webb itakaporushwa, ielekezwe huko. Kama haing'ai, sisi tumekosea.

Tatizo lilikuwa Charon. Huo ni mwezi wa Pluto, wenye upana wa karibu nusu ya Pluto yenyewe, na unaizunguka kwa umbali wa kilomita 19,600 tu. Darubini za infraredi za zamani ziliona vitu hivyo viwili kama nukta moja. Huwezi kujua nani anatoa joto kiasi gani, kama vile huwezi kujua ni nani anayepiga kelele ukiwa nje ya nyumba yenye watu wawili.

James Webb ilirushwa tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2021 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Mwaka 2022 na 2023 iliitazama Pluto, na kwa mara ya kwanza ikaitenga na Charon katika mwanga huo. Hapo Charon, iliyokuwa kero, ikageuka kuwa msaada. Haina hewa. Joto linalotoka kwake ni la ardhi tupu. Ikawa ni kipimo cha kulinganishia: Charon bila ukungu, Pluto yenye ukungu, jua lilelile, umbali uleule. Vitu hivyo viwili vinageuka pamoja kila baada ya siku 6 na saa kadhaa, na watafiti walifuata mwanga wa kila kimoja uso baada ya uso. Charon ilitenda kama mawe na barafu. Pluto ilikuwa na ziada ambayo ardhi peke yake haikuweza kuitoa. Ziada hiyo ndiyo ukungu, na ndiyo habari ya mwezi wa sita 2025.

Miaka minane kutoka dai hadi kipimo. Bertrand mwenyewe si mgeni wa modeli: mwaka 2016, yeye na François Forget walionyesha kwa kompyuta jinsi bonde kubwa la barafu liitwalo Sputnik Planitia linavyofanya hewa ya Pluto iongezeke na kupungua katika mwaka wake wa miaka 248. Ni mtu wa daftari ambaye alikwenda kuhesabu mali iliyomo dukani.

Na sisi huku

Kiangazi kinapoingia, kuanzia mwezi wa sita, moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa, hapa Kongo, Angola na Zambia, unatanda sehemu kubwa ya Afrika ya kati. Kuna siku ukiwa Baraka, rasi ya Ubwari iliyo hapo ng'ambo ya ghuba ya Burton inafifia kama picha iliyofutwa. Moshi huo ni masizi kweli kweli, si ya mfano. Unameza mwanga wa jua, unapasha tabaka la hewa ulimo, na wakati huohuo unatia kivuli ardhini. Kwa maneno mengine, katika miezi hiyo hewa yetu inapata tabia kidogo ya Pluto: joto linakamatwa juu, chini kunapungukiwa. Jambo hilo linagusa mawingu na mvua, na mama anayeanika ndagala mchangani ana haki ya kutaka kujua linagusa kiasi gani.

Angeuliza, angejibiwa na modeli. Modeli za hali ya hewa za dunia nzima, kama ile ya kituo cha Ulaya chenye makao Reading, Uingereza, zinagawa dunia katika miraba. Zile nzuri zina miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, nyingine ni mikubwa zaidi. Programu ya hali ya hewa kwenye simu inachukua namba ya mraba na kuibandika jina la kijiji. Kwa hiyo unaweza kupata joto la kijiji cha mlimani, pamoja na picha ya wingu na asilimia ya mvua, bila ya kuwepo hata kopo moja la kupimia mvua katika mabonde yote yanayokizunguka. Namba inaonekana ya uhakika. Ndani ya mraba mmoja huenda kuna kilele, bonde na mteremko wa kuelekea ziwani, na kompyuta imevisawazisha vyote kama udongo wa kujengea.

Satelaiti zinasaidia, na itakuwa uongo kusema hatutazamwi. Tangu 2014 mtandao wa satelaiti unaoongozwa na Marekani na Japani unakadiria mvua karibu dunia nzima, mara kila nusu saa. Lakini satelaiti inatazama mawingu kutoka juu na kukisia kinachodondoka chini yake, na milimani ndiko inakokosea sana. Ili irekebishwe inahitaji vipimo vya ardhini. Bonde la Kongo ni moja kati ya sehemu za dunia zenye vipimo hivyo vichache zaidi, na vilikuwa vingi zaidi kabla ya uhuru kuliko sasa. METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, lina nchi kubwa mno kwa vituo vilivyopo.

Kwamba vipimo vina thamani, ziwa letu ni shahidi. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha katika Nature kwamba Ziwa Tanganyika linapata joto, kwamba maji ya juu yenye joto yanazuia chakula kilicho chini kupanda, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki huenda yamepungua kwa karibu asilimia 30. Waliwezaje kusema hivyo? Kwa sababu kuna watu walioshusha kipimajoto ndani ya ziwa hili mwaka 1913 na wakaandika walichokiona. Hawakujua kingetumika kwa nini. Miaka 90 baadaye hesabu ikapata kitu cha kusimamia. Leo wavuvi wanapogombana kuhusu nyavu na miezi ya kufunga ziwa, mabishano yao yanarudi kwenye namba hizo.

Mfano mwingine uko nchini mwetu. Huko Yangambi, jimbo la Tshopo, kumesimamishwa mnara wenye urefu wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Modeli zilikuwa zimesema mambo mengi juu ya msitu wa Kongo kabla ya mnara huo. Sasa kuna mahali pa kuziuliza maswali.

Milima ya Fizi haina mtetezi wa namna hiyo, na sababu ya kwanza haihitaji utafiti. Kipimo cha mvua kinahitaji mtu anayelala palepale, anayekwenda kukisoma kila asubuhi saa ileile, mwaka hadi mwaka. Mwezi wa kumi 2021 wakaaji wengi wa Bibokoboko walikimbia mapigano na kushuka Baraka. Wengine wa vijiji vya jirani, wa makabila tofauti, wamekimbia kwa nyakati zao. Hakuna daftari la mvua linaloweza kuendelea pale ambapo msomaji wake amelala chini ya hema kando ya ziwa, akishangaa joto na mbu ambao kwao hawapo kwa wingi huo. Vita vinaharibu nyumba na ng'ombe, hilo linaandikwa kila wiki. Vinaharibu pia mfululizo wa namba, na hilo haliandikwi kwa sababu hakuna maiti ya kuonyesha.

Kuna watakaosema kwamba amani kwanza, vipimo baadaye. Sikubaliani nao kikamilifu. Mvua haingoji mapatano. Mwezi wa tano 2023 maji yalifuta Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe na kuua zaidi ya watu 400, mwezi wa tano 2025 ikawa zamu ya Kasaba, na katikati ya hapo ziwa lilipanda hadi kuingia kwenye mitaa ya Uvira na Baraka. Kila mara tunasikia lawama mbili: mabadiliko ya tabianchi, na watu wanaojenga kando ya mito. Huenda zote ni kweli. Lakini ni kama wale waliosema sianidi na mvuke wa maji: mshukiwa ametajwa, mizani haijaletwa. Je, mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa kuliko zote za miaka 50, au ilikuwa mvua ya kawaida iliyokuta mlima umekatwa miti? Majibu hayo mawili yanadai kazi tofauti. La kwanza linadai kuhamisha vijiji na kujenga madaraja makubwa. La pili linadai miti na sheria ya makaa. Serikali ya jimbo ikichagua bila kujua, itatumia pesa chache ilizonazo upande usio wenyewe.

Tena vyombo vinavyohitajika si James Webb. Kipimo cha mvua cha kawaida ni chombo chenye mdomo wa duara na kuta zilizonyooka, kimewekwa mahali wazi, mbali na miti na paa, pamoja na rula ya milimita. Kinaweza kuwekwa kwenye kituo cha afya, shule au parokia, kwa sababu hizo ndizo nyumba ambazo hata baada ya mapigano huwa za kwanza kufunguliwa tena. Mwuguzi ambaye tayari anaandika wagonjwa wa malaria kila asubuhi anaweza kuongeza mstari mmoja. Watafiti wa Lwiro na wa kituo cha utafiti wa maji cha Uvira wapo, wamesoma, na wengi wao wamefanya kazi kwa miaka bila mshahara unaostahili jina hilo. Namba zikiwafikia, wanajua la kufanya nazo.

Hesabu yenyewe ni rahisi kiasi cha kufanyika kwenye kibao cha darasa la sita. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Chukua bonde dogo la mlimani lenye kilomita mraba 10, mahali ambapo mchungaji anaweza kulizunguka kwa siku moja. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, kimeshuka kiasi cha mita za ujazo 500,000 za maji. Sehemu inanywewa na udongo, na iliyobaki inatafuta mto. Kutoka kwenye vilele hadi ufukwe wa Tanganyika mteremko ni mkali na njia ni fupi, kwa hiyo maji yanayoanza kukusanyika saa nne usiku hayangoji kupambazuka ili yafike kwenye nyumba za chini. Mtu aliye juu na kopo lake, akiona limefika milimita 50 na mvua bado haijakata, na akiwa na simu yenye mtandao, ana muda mfupi wa kuwapigia walio chini.